Tiketi ya Kurudi: Historia ya Yaya na Wakala wa Kazi

Neno yaya limetoka mbali. Wareno wana neno aia, yaani mwanamke anayelea watoto wa watu wengine. Walipofanya makao India, neno hilo liliingia katika lugha za huko likawa aya. Waingereza walilikuta huko wakalitumia katika nyumba zao, na sisi wa Afrika Mashariki tunalo katika Kiswahili kama yaya. Kwetu Uganda hata bibi asiyejua Kiswahili hata kidogo husema yaaya, wala hajui kwamba neno lake lilipanda meli.

Katika masomo ya historia tunafundishwa vita, mikataba ya wafalme na majina ya magavana. Mtu aliyewabeba watoto wa magavana hao hatajwi. Katika insha hii nataka kumtaja, lakini si kwa ajili ya kumsifu. Nataka historia yake itusaidie kujibu swali la leo. Msichana wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anayekwenda kwa wakala ili atafutiwe kazi ya kulea watoto anapaswa kutegemea nini kutoka kwa wakala huyo? Zamani wakala alikuwa shangazi, au mama wa kanisani aliyefika kijijini wakati wa Krismasi na kusema kuna mama fulani mjini anatafuta msichana. Siku hizi wakala ni kampuni yenye ofisi, mhuri na fomu za kujaza. Mavazi yamebadilika, kazi ni ile ile.

Tuanze London. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, familia za Waingereza waliofanya kazi India zilisafiri kwa meli kwenda na kurudi. Safari ilikuwa ndefu, mama alichafukwa na bahari, watoto walihitaji mtu. Kwa hiyo familia ilimwajiri yaya wa Kihindi kwa ajili ya safari. Baadhi ya wanawake hao walikuwa hodari kweli, walivuka bahari mara kumi na zaidi, na walijua melini kuna nini kuliko abiria waliowaajiri. Makubaliano ya kawaida yalikuwa kwamba mwajiri atalipa nauli ya yaya ya kurudi kwao.

Shida ilianza meli ilipofika. Familia ilikuwa imekwisha kufika nyumbani, bibi na mashangazi wapo, yaya hahitajiki tena. Wengine waliachishwa kazi hapo hapo. Kutokana na shida hiyo kulikuwa na nyumba mjini London iliyoitwa Ayahs' Home, yaani Nyumba ya Mayaya, ambayo kwanza ilikuwa eneo la Aldgate. Mwaka 1900 wamisionari wa London City Mission waliihamishia Hackney, namba 26 King Edward's Road, na mwaka 1921 ikahamia namba 4 barabara hiyo hiyo. Walikaa humo wanawake wa India, na pia walezi kutoka China. Mwaka 2022 kibao cha buluu cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye namba 26, ambapo kwa miaka mingi wapita njia hawakujua nyumba ile ilikuwa ya nini.

Nyumba hiyo haikuwa hosteli tu. Ilikuwa wakala wa kazi, na utaratibu wake unastahili kuelezwa polepole. Familia iliyomleta yaya ilikabidhi tiketi yake ya kurudi kwa msimamizi wa nyumba. Msimamizi akatafuta familia nyingine inayokwenda India na inayohitaji yaya wa safari. Familia hiyo ya pili ikainunua tiketi ile, na pesa zikatumika kumlisha na kumlaza yaya katika wiki au miezi aliyokuwa akingoja. Yaya akarudi kwao akiwa kazini, na kila mtu akaridhika.

Mimi nilipousoma utaratibu huu mara ya kwanza niliupenda. Yaya hakutozwa hata senti ya ada. Alipata kitanda, chakula, na kazi ya kumrudisha nyumbani. Ukilinganisha na wenzake waliolala katika vyumba vibovu karibu na bandari, alikuwa na bahati. Lakini ukitazama tena utaona jambo jingine. Tiketi ilitoka mkononi mwa mwajiri wa kwanza, ikaenda kwa msimamizi, ikaenda kwa mwajiri wa pili. Ni lini ilikuwa mkononi mwa yaya mwenyewe? Hata siku moja. Kama familia ya kwanza haikuleta tiketi, wakala hakuwa na cha kuuza, na yaya akakwama.

Na walikwama. Kisa kimoja cha mwaka 1908, ambacho kilisimuliwa baadaye mbele ya kamati ya serikali ya Uingereza, ni cha yaya aliyepitia mikononi mwa waajiri zaidi ya mmoja, kisha akaachwa katika kituo cha reli cha King's Cross akiwa na pauni moja. Kila mwajiri alikuwa na hakika kwamba jukumu la kumrudisha kwao ni la mwingine.

Ofisi za kutafutia watumishi kazi zilikuwepo Uingereza hata kabla ya hapo. Mwandishi Henry Fielding na ndugu yake John walifungua moja London mwaka 1750, katika barabara ya Strand, iliyoandikisha watumishi pamoja na mambo mengine mengi ya kununua na kuuza. Na mtu asidhani hatari haikujulikana. Miaka kama 18 kabla ya hapo mchoraji William Hogarth alichora msichana wa shamba anashuka London kutafuta kazi, na mwanamke mmoja mtu mzima anampokea kwa maneno matamu. Watu wa mji ule walimtambua mwanamke huyo kwenye picha: alikuwa mwenye danguro. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1792 kuhusu barua za sifa za watumishi. Mtumishi aliyeghushi barua ya sifa aliadhibiwa, na aliyemwandikia mtumishi sifa za uongo pia. Je, kulikuwa na barua ya sifa ya mwajiri? Haikuwepo. Aliyepimwa alikuwa mmoja tu.

Hali hiyo haijabadilika sana. Mwaka 2014 video ya yaya mmoja wa Kampala akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo ilisambaa dunia nzima, na mahakama ikamfunga. Ilikuwa sawa afungwe. Baada ya hapo wazazi wengi waliogopa, wakataka mayaya waliochunguzwa, na mawakala wakapata biashara. Kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa kijiji, majina ya wadhamini wawili, wakati mwingine hata vipimo vya hospitali: yote hayo anatakiwa kuyaleta yaya. Lakini ni wakala gani anayemwambia yaya kwamba katika nyumba unayokwenda wasichana wanne wameondoka mwaka huu, na wawili kati yao walikimbia usiku? Wakala anajua, kwa sababu ndiye aliyewapeleka. Kwa maoni yangu hili ni jambo la kwanza ambalo yaya ana haki ya kulidai: kama nimefungua maisha yangu mbele yako, nifungulie na wewe daftari la nyumba ile.

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko swali la pesa lilipochunguzwa vizuri. Baada ya utumwa kukomeshwa, wasichana weusi wa majimbo ya kusini walipanda meli kutoka bandari kama Norfolk kwenda New York kufanya kazi za nyumbani. Mawakala waliwafuata kusini, wakawalipia nauli na kuwasainisha mkataba. Msichana alifika akiwa na deni la nauli pamoja na ada ya wakala, na sanduku lake la nguo lilishikiliwa mpaka alipe. Wengine walipelekwa katika nyumba zisizo za heshima bila kujua. Mtafiti Frances Kellor alichapisha kitabu kuhusu mawakala hao mwaka 1904. Yeye na wenzake walikuwa wamejifanya watafuta kazi, na mara nyingine waajiri, ili waone ukweli kwa macho yao.

Kabla ya Kellor kulikuwa na Victoria Earle Matthews. Alizaliwa mtumwani Georgia mwaka 1861, na mwaka 1897 alianzisha White Rose Mission mjini New York. Wanawake wa nyumba hiyo walikwenda bandarini kuzipokea meli, ili msichana akishuka akutane nao kabla hajakutana na dalali. Walimpa mahali pa kulala, wakamfundisha kazi, wakamtafutia nyumba nzuri. Nampenda Matthews kuliko wote katika historia hii, kwa kuwa alielewa kwamba saa ya hatari ni saa ya kufika, wakati msichana hana ndugu, hana pesa na hajui njia.

Wapiga kura wa jimbo la Washington walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1914 walipitisha sheria iliyomkataza wakala kumtoza ada mtu anayetafuta kazi. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 1917, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mmoja wa wale wanne, Louis Brandeis, aliandika maelezo marefu ya kupinga, na ndani yake alionyesha mchezo uliokuwa ukichezwa. Wakala aligawana ada na msimamizi wa kazi. Msimamizi akaajiri, akafukuza upesi, akaajiri tena, na kila mtu mpya alilipa ada. Kufukuzwa kwa mfanyakazi kulikuwa faida ya wakala. Hao walikuwa vibarua wa kila aina, si mayaya peke yao, lakini mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za ofisi inayochukua mshahara wa mwezi wa kwanza wa yaya atatambua mchezo huo. Kama wakala anapata mshahara wako wa kwanza kila unapobadilisha nyumba, kwa nini ajitahidi udumu?

Haki isemwe, waajiri nao wana malalamiko. Mama wa Ntinda amelipa wakala, msichana amekaa wiki mbili, ameondoka bila kuaga, na wakala hapokei simu. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini tazama chanzo chake: pesa zimekwisha kulipwa siku ya kwanza, na baada ya hapo wakala hana sababu ya kumjali yeyote, si mama wala msichana.

Shirika la Kazi Duniani lilizunguka jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1933 lilipitisha mkataba wa kuwaondoa mawakala wanaotoza ada, mwaka 1949 likalegeza, na mwaka 1997 likapitisha Mkataba namba 181, unaowaruhusu mawakala binafsi kufanya kazi lakini unasema wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi itakapoweka ruhusa maalumu. Mwaka 2011 ulifuata Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani. Huo unasema ada ya wakala isikatwe kwenye mshahara, mfanyakazi anayevuka mpaka apate mkataba au ahadi ya kazi kwa maandishi kabla hajaondoka, na hati zake za kusafiria akae nazo mwenyewe.

Basi mtu anaweza kufikiri jibu limepatikana: mwajiri alipe, yaya asilipe, yamekwisha. Ninafikiri jibu hilo ni nusu tu, na historia ya jirani zetu wa Tanganyika inaonyesha kwa nini. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya vibarua kutoka mbali, hata Ruanda-Urundi. Vibarua hao ndio walioitwa manamba. Wenye mashamba ndio waliogharamia ofisi hiyo, usafiri na chakula cha njiani. Kibarua hakulipa ada. Lakini kwa kuwa alikuwa amegharamiwa, alihesabiwa kama mali iliyokwisha kununuliwa, na akaitwa kwa namba. Kutolipa hakukumfanya awe huru.

Ndivyo ilivyo leo kwa mayaya na wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda nchi za Ghuba. Kwa kawaida ni mwajiri anayemlipa wakala, na anamlipa pesa nyingi. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2017 ilimkataza wakala kumtoza mfanyakazi. Kwenye karatasi ni sawa kabisa na mikataba niliyoitaja. Lakini chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, na humo wanawake walisimulia kwamba pasipoti zilichukuliwa, na walipotaka kuondoka waliambiwa warudishe kwanza pesa ambazo bosi alimlipa wakala. Deni ambalo hawakulikopa liligeuka kuwa lao siku walipotaka kutoka.

Dada mmoja wa kwetu upande wa Masaka alirudi kutoka Riyadh baada ya miezi saba. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Aliniambia kazi yenyewe angeivumilia, maana alikuwa na watoto watatu wa kuwalea na aliwapenda. Kilichomshinda ni kwamba kila alipompigia wakala wa Kampala aliambiwa zungumza na ofisi ya Riyadh, na ofisi ya Riyadh ikamwambia zungumza na bosi. Nilipomsikiliza nilimkumbuka yule wa King's Cross na pauni yake moja.

Serikali zetu zimejaribu dawa ya kufunga mlango. Kenya ilisimamisha safari hizo na kufuta leseni za mamia ya mawakala mwaka 2014. Uganda ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba mwezi Januari 2016, kisha ikafungua tena mwaka 2017. Wakati mlango wa Entebbe umefungwa, wanawake walipita Nairobi. Kufunga mlango kuliwaondoa mawakala wenye leseni na kuwaachia soko wale wasio nayo.

Nikirudi kwa yaya mwenyewe, kutokana na historia hii naona anaweza kumwendea wakala akijua la kudai. Wakala awe na leseni. Uganda leseni ya kupeleka watu nje hutolewa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Leseni peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema, lakini inampa yaya mahali pa kwenda kushtaki. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma, useme idadi ya watoto na umri wao, kama kuna kupika na kufua juu ya kulea, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe ya kulipwa, na nakala moja abaki nayo. Jambo la kulea na kufua si dogo. Wengi huitwa mayaya kwenye fomu, wakifika wanakuta wao ni yaya, mpishi, dobi na mlinzi wa geti.

Ategemee pia wakala ampigie simu baada ya wiki moja na baada ya mwezi mmoja, na azungumze naye mwenyewe, si mama mwenye nyumba peke yake. Ofisi isiyoweza kufanya hivyo imeuza jina lake tu. Na aulize kuhusu chama. Tanzania kuna CHODAWU na Kenya kuna KUDHEIHA, vyama vinavyopokea wafanyakazi wa nyumbani, na wakala anayekasirika akisikia majina hayo amejieleza vya kutosha.

Lakini swali ambalo ningependa kila yaya aulize kabla ya kusaini ni lile ambalo wanawake wa Hackney hawakupata nafasi ya kuuliza. Nikitaka kuondoka baada ya miezi mitatu, kwa sababu nzuri au kwa sababu yangu tu, tiketi yangu au nauli yangu ya basi iko kwa nani, pasipoti yangu iko wapi, na nani anamdai nani? Wakala mzuri analo jibu, nalo limeandikwa ndani ya mkataba kwa sentensi isiyopinda. Akisema hayo utayaongea na bosi wako huko huko, mrudishie fomu yake bila kuijaza, uombe na picha zako ndogo za pasipoti, maana nazo ulizilipia.